Spika ya Kafara

Dada yangu ana mkono mwepesi, na anayebisha akaulizie meno yake kwenye yadi ya vyuma chakavu. Huko ndiko anakofanya kazi, kukata vyuma kwa moto wa gesi: chasisi za malori, matangi yaliyooza, milango ya makontena. Kutwa nzima cheche zinamrukia, na mikono yake ina madoa meusi mpaka kwenye viwiko. Wenzake wanamwita Nondo. Wao wanasema ni kwa sababu ya kazi. Mimi niliyelala naye chumba kimoja utotoni nasema ni kwa sababu hapindi mpaka umtie motoni.

Mimi ni kinyozi. Nashika wembe tangu asubuhi na sijawahi kumtoa mtu damu kwa kukusudia. Dada hashiki wembe, lakini mwaka jana mteja wangu mmoja alimtania kuhusu suruali yake ya kazi, nami nikiwa katikati ya kichwa. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi akinisubiri tuondoke. Aliinuka bila haraka, akampiga kichwa cha uso. Mteja aliondoka na nusu ya nywele na mdomo uliopasuka, na mpaka leo hajarudi kudai nusu iliyobaki. Dada alifuta damu kwenye kiti kwa taulo langu safi, akaniambia, "Fagia, twende. Mama anasubiri."

Nampenda dada yangu. Nalisema mapema, maana nitakayoyaeleza yanaweza kumfanya mtu adhani vingine.

Chanzo cha yote ni Baba. Baba alikuwa fundi wa malori, na nyumbani alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa: mashine yake ya muziki na mkanda wa feni wa lori. Mashine ilikuwa ya vipande. Kulikuwa na kipande cha kuchezea santuri, kisanduku kidogo chenye vitasa, amplifaya kubwa nyeusi isiyo na kitasa hata kimoja ila swichi ya kuwasha na kuzima, na spika mbili zilizonifika kifuani. Mkanda ulining'inia kwenye msumari juu yake. Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Akitaka kupiga, kwanza aliweka santuri. Aliipangusa vumbi, akaishusha sindano taratibu, akafungua sauti mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, ndipo alipoutoa mkanda msumarini. Majirani wakisikia muziki walifunga madirisha yao. Baadaye walisema hawakusikia kitu, na kwa kweli hawakudanganya.

Santuri ilikuwa ile ile siku zote. Gitaa linaanza peke yake, kisha mwanamke anaimba kumwita mtu aliyepanda treni bila kuaga. Mama alipigwa kwa chumvi kuzidi na kwa chumvi kupungua, kwa kuchelewa kufungua mlango na kwa kuufungua upesi kana kwamba alikuwa anamngoja mtu mwingine. Sisi tulipigwa kwa kulia alipopigwa yeye. Siku moja alimzaba Mama kofi la sikio la kushoto, damu ikamtoka mpaka shingoni, na sikio hilo halikusikia tena. Dada alipofikia kimo cha kumfika Baba begani alimrukia mgongoni akamng'ata shingo. Baba alimbamiza kwenye kona ya amplifaya akamvunja kidole, kisha akainama kuangalia kama amplifaya imebonyea.

Akichoka, aliinua sindano. Hapo ndipo kipigo kilipoisha. Aliiinua kwa ncha za vidole, kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuuonja, na maisha yake yote hakuikwaruza santuri ile hata mara moja. Kisha akalala. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia wimbo ule mpaka mwisho. Tuliujua mpaka pale mwanamke anaposema atakaa hapo hapo stesheni. Baada ya hapo ulikuwa ukimya, na mmoja wetu akitafuta kitambaa cha kufungia jeraha.

Baba alikufa karakanani, lori lilipoteleza kwenye jeki likambana ukutani. Sikulia, na sitajifanya nililia. Dada aliuchukua ule mkanda akaenda nao yadi, akauchoma kwa moto wa gesi mpaka ukawa lami. Mashine ya muziki tuliifunika shuka, ikakaa kwenye kona ya sebule ya Dada, anakoishi na Mama. Miaka ikapita na hakuna aliyeifunua.

Mwaka huu sikio la kulia la Mama nalo likaanza kufa. Daktari alilichungulia, akasema linakwenda na halitarudi, labda lifike mwisho wa mwaka, labda lisifike. Mama aliitikia kwa heshima. Tulirudi nyumbani, tukala, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Nataka kuusikia ule wimbo."

Dada aliacha kutafuna. "Wimbo gani, Mama?"

"Unaujua. Nimepigwa nao maisha yangu yote na sijui unaishaje. Sitaki kuwa kiziwi kabla sijajua."

Mzazi akikuomba kitu kama hicho huna pa kukimbilia. Tulifunua shuka, tukaunganisha nyaya, Dada akabonyeza swichi. Amplifaya ilinguruma, ikapasuka kwa ndani, moshi ukatoka kwenye matundu ya juu na spika moja ikaungua palepale. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshajikunja kwenye kiti, mikono kichwani. Dada aliipiga teke amplifaya mpaka ikagonga ukuta.

"Hata kufa hajui kufa vizuri," alisema, nami sikuuliza anasema juu ya nani.

Basi tukawa watu wa kutafuta amplifaya ya mtumba. Ilibidi iwe yenye nguvu na sauti safi, maana sikio linalokufa halitaki makelele, linataka sauti iliyokamilika. Dada hana dogo, wala hanunui kwa macho. Aliwauliza wanaojua, akaja na masharti. Kwanza unainusa, kwa sababu iliyoungua hainyamazi, hunuka. Unatazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, mafundi wengi wameshaingia humo ndani. Unainyanyua, maana nguvu ya amplifaya iko kwenye transfoma na transfoma ni uzito. Ukishaiwasha unagusa mapezi ya chuma ya kupozea joto, ya kushoto na ya kulia. Yakipata joto tofauti, upande mmoja ni mgonjwa. Na kubwa kuliko yote, huendi na spika yako nzuri. Amplifaya mbovu haikuui wewe, inaua spika. Dada alichomoa kispika cha mlango wa basi lililokatwa yadi, kimechakaa, kimetoboka pembeni, tukakiita spika ya kafara.

Mtaa wa vifaa vya mtumba una vibanda pande zote mbili, na kila kibanda kinalia muziki wake. Sijui wauzaji wanaongeaje na wake zao wakirudi nyumbani. Kwenye kibanda cha kwanza, muuzaji aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba mashine ni mpya kabisa. Dada aliunganisha spika ya kafara, akawasha bila muziki wowote. Koni ya spika, ile karatasi ya katikati inayotetemeka, ilitoka nje ikabaki huko huko, imekodoa. Dada alizima. "Umeme mbaya unatoka," alimwambia. "Ungeniunguzia spika zangu." Muuzaji akamshika mkono asiondoke. Sikuona vizuri kilichotokea, ila nilisikia kidole kikilia, na muuzaji akapiga magoti katikati ya redio zake kama mtu wa ibada. Tukaenda mbele.

Kwenye kibanda kingine pezi moja lilichemka na jingine likabaki baridi, na hapo palitoka matusi tu. Kwenye kingine tulirushiwa betri ya gari, ikanikosa. Nilianza kutembea nyuma ya Dada badala ya ubavuni mwake.

Mwisho tukafika kwa mtu mmoja mpole, mwembamba, miwani imefungwa kwa waya kwenye bawa. Majirani zake walimwita Fundi Waya. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kistuli akipokea fedha. Kwenye meza yake ya majaribio palikuwa na amplifaya nyeusi, pana, mapezi pande zote mbili. Dada aliinusa. Alitazama skrubu, zote safi. Aliikumbatia kwa mikono miwili akaiinua kidogo kutoka mezani, na nikamwona anatabasamu, jambo linalotokea kwa mwaka mara chache.

"Ina mzigo," alisema.

"Ina mzigo wa kweli," Fundi alisema. "Lakini unajua haina kitasa? Usipoitangulizia kisanduku cha kupunguza sauti, inatoa yote iliyo nayo kwa mpigo."

"Najua," Dada akamjibu. "Nimelelewa nayo."

Akaunganisha spika ya kafara, na koni haikutikisika. Hakukuwa na mngurumo. Dada alitoa santuri ya Baba kwenye mfuko, akampa Fundi aipige kwenye mashine yake. "Usiufikishe mwisho," alimwambia. "Mwisho ni wa mama yetu." Gitaa lilipoanza nilihisi mgongo unanisisimka, na nikaona Dada naye anakaza taya. Lakini sauti ilikuwa safi. Nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia, maana siku zile kulikuwa na sauti nyingine juu yake. Fundi aliondoa sindano mapema, kama alivyoombwa. Mapezi yote mawili yalikuwa na joto moja. Dada akalipa.

Fundi akainama nyuma ya meza kuiandaa. Lakini kibanda cha redio kinachonyamaza hakiuzi, kwa hiyo kabla ya kuinama aliirudisha sindano mwanzo wa santuri yetu na kuipitishia mashine yake nyingine, spika zilizotazama mtaani, sauti ya juu. Hakuwa na nia mbaya. Angejuaje?

Aliinuka na gunia lenye amplifaya, akalisukuma mbele ya Dada. Dada alilinyanyua. Uso wake ukabadilika.

"Hii siyo," alisema.

"Ndiyo yenyewe, dada yangu."

"Nimeinyanyua sasa hivi kwa mikono hii. Imepungua. Mmetoa transfoma."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayelijua jibu, si cha dharau, lakini muziki ulikuwa juu na Dada hakusikia tofauti. "Ngoja nikuonyeshe," Fundi alisema, akapeleka mkono chini ya meza.

Katika nyumba yetu mkono ulioondoka machoni ulirudi na kitu. Dada hakuungoja urudi. Alimvuta Fundi kwa ukosi juu ya meza, vifaa vikamwagika, akamtupa chini barabarani. Miwani ilikwenda. Alimpiga ngumi ya nyusi, akampiga ya mdomo, na Fundi alipojikunja kufunika uso, Dada alinyakua waya mnene wa umeme uliokuwa unaning'inia kibandani, akaukunja mara mbili, akaanza kumtandika. Mgongoni, mabegani, kwenye viganja vilivyofunika kichwa. Mwanamke wa santuri alikuwa anaimba. Dada hakutukana wala hakupiga kelele. Alipiga kwa mpangilio, akiinua mkono mpaka juu na kuungoja kidogo kabla ya kuushusha, na mimi nilisimama nimeganda, kwa sababu mkono ule niliujua. Haukuwa wake.

Mke wa Fundi alimrukia na mpini wa nyundo, akampiga kisogoni. Dada hata hakugeuka. Watu walikuwa wanakuja mbio. Nikafanya kitu pekee ambacho mwili wangu ulijua humaliza kipigo. Nilipanda juu ya vifaa vilivyomwagika, nikafika kwenye santuri, nikainua sindano.

Mkono wa Dada ulibaki hewani.

Alinitazama, kidole changu bado kimeshika sindano, kisha akautazama waya uliokunjwa mkononi mwake. Akavifungua vidole vyake kimoja kimoja mpaka waya ukaanguka. Fundi alikuwa amelala ubavu, damu inamtoka kinywani, na bado ananyoosha mkono chini ya meza. Safari hii niliinama kuangalia. Palikuwa na sahani nene ya chuma, imepakwa rangi nyeusi, na boliti zake kando.

"Naifungia hiyo," Fundi alisema kwa shida. "Wezi hupita wakazoa. Huwa naifungia chini ya mashine iwe nzito, wasiibebe. Nimeifungua ili usibebe chuma cha bure."

Mtu anayebeba chuma kutwa huiamini mikono yake kuliko mizani, na mikono ya Dada haikuwa imekosea. Ilikuwa imepima mashine pamoja na sahani. Mke wa Fundi alimpiga tena kwa mpini, safari hii shavuni, na Dada akapiga magoti akampa shavu la pili. Lile sikuweza kulitazama. Watu walikuwa tayari kumla mbichi, mmoja ameshaokota jiwe, na sitawalaumu.

"Mwacheni," Fundi alisema, akitema jino. "Kwanza anipeleke nikashonwe. Mkimvunja, nani atanibeba?"

Dada alimbeba mikononi mpaka zahanati, na mkewe akimfuata nyuma na mpini wake. Walimshona nyusi na mdomo wa juu. Dada alisimama mlangoni wakati wote sindano ikiingia na kutoka. Alipoomba radhi, Fundi alimwambia chukua mzigo wako, mtaa wetu usiuone tena. Mkewe alitema mate kwenye viatu vya kazi vya Dada, na Dada hakuvipangusa.

Tulirudi nyumbani na amplifaya na santuri kwenye mkokoteni. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Mdomoni likanijia "mtoto wa nyoka ni nyoka," nikalimeza.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, sikio la kulia limetazama mlango. Alitusikia, akafurahi, kisha akamwona Dada: shavu limevimba, shati lina damu. Akamwita karibu, akalishika lile shati.

"Damu ya nani?"

"Ya fundi, Mama."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

Mama alivigeuza viganja vya Dada, akavitazama. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na mchirizi mwekundu, alama ya waya.

"Ulimpiga na nini? Ngumi tu?"

"Na waya."

"Muziki ulikuwa unalia?"

Dada aliinamisha kichwa. "Ulikuwa unalia, Mama. Ule ule."

Nilidhani Mama atasema funika, toa, sitaki tena kuusikia. Aliviachia viganja vile. "Unganisha," alisema.

Dada aliunganisha. Alianza na spika ya kafara, hata baada ya yote yale, kwa sababu masharti ni masharti. Koni haikutikisika. Akaiweka pembeni, akaunganisha spika iliyobaki ya Baba, akasogeza kiti cha Mama mpaka sikio lake likawa mkabala nayo. Aliishika santuri, akanikabidhi, nami nikaiweka mwenyewe.

"Wewe njoo huku," Mama alimwambia Dada. "Kaa chini hapa mbele yangu. Mikono magotini. Niione."

Dada yangu, ambaye wanaume wa yadi humpisha njia, alikaa sakafuni na kuweka mikono magotini kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikashusha sindano.

Gitaa likaanza. Mama hakuitazama spika wala mimi. Aliitazama mikono ile. Wimbo ulikwenda, treni ikaondoka, mwanamke akaita, na kila ubeti ulikuwa na kipigo chake ninachokikumbuka: huu ulikuwa wa sikio, huu ulikuwa wa kidole. Vidole vya Dada viliyakamata magoti mpaka kucha zikawa nyeupe. Tulipofika pale mwanamke anaposema atakaa hapo hapo stesheni, sote watatu tulijikunja kwa pamoja, mabega juu, tukiusubiri ule ukimya.

Haukuja. Mwanamke aliendelea. Alisema kumekucha, ana njaa, anarudi nyumbani. Alilisema jambo hilo mara mbili, gitaa likamsindikiza kidogo, likapunguza mwendo, likaacha. Sindano ikabaki inakwaruza mahali patupu. Hakuna aliyekwenda kuiinua mpaka Mama, ambaye hajawahi kuigusa mashine ile maishani mwake, aliposimama, akaishika kwa vidole viwili na kuipandisha. Aliikwaruza santuri kidogo.

"Kumbe unaisha hivi tu," alisema.

Akarudi akakaa. Dada alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye viganja, na hakuiondoa mikono magotini mpaka alipoambiwa.